Ripoti ilisema "ini la kawaida": uchambuzi wa kisa cha msichana wa miaka 12 mwenye unene uliopitiliza

Maelezo yote yanayoweza kumtambulisha mgonjwa, familia na vituo vilivyomhudumia yameondolewa. Miezi inahesabiwa kuanzia siku aliyopimwa ini kwa mara ya kwanza, ambayo tunaiita mwezi 0.

Mgonjwa na swali lililoletwa

Msichana wa miaka 12, uzito kilo 78, urefu sentimita 152, BMI (uwiano wa uzito na urefu) 33.8. Kwa umri na jinsia yake hiyo ni zaidi ya asilimia 120 ya persentaili ya 95 (kiwango ambacho watoto 95 kati ya 100 wako chini yake), yaani unene uliopitiliza wa daraja la pili. Hakuwa na maumivu ya tumbo, hakuwa na manjano, hakutumia dawa yoyote ya muda mrefu. Ngozi ya shingo na kwapa ilikuwa nyeusi na nene kama mahameli, dalili inayoashiria kwamba mwili haupokei insulini vizuri. Baba yake ana kisukari cha aina ya pili.

Mama alimpeleka kwa sababu ya uzito. Daktari aliyempokea aliandika fomu mbili, moja ya damu na moja ya ultrasaundi ya tumbo, na kwenye fomu ya pili akaandika maneno matatu: "angalia mafuta ini". Kufikiria ini la mtoto huyu kulikuwa sahihi kabisa. Ini lenye mafuta kwa mtoto halina dalili kwa miaka mingi, na asiyelitafuta halioni.

Mwezi 0: majibu mawili yaliyofunga mlango

ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zinapoumia, ilikuwa 38. Karatasi ya maabara ilionyesha kiwango cha kawaida "hadi 40", kwa hiyo namba haikupigwa alama yoyote. Ultrasaundi ikarudi na sentensi moja: ini lina ukubwa na mwonekano wa kawaida. Mama aliambiwa ini liko salama, mtoto apunguze kula, arudi baada ya mwaka.

Picha zilizohifadhiwa zilipofunguliwa baadaye, mambo matatu yalionekana. Kwanza, hakukuwa na hata picha moja inayoonyesha ini na figo ya kulia kwa pamoja. Figo ilipigwa peke yake, kwa kina tofauti na kwa mpangilio mwingine wa mwanga. Pili, mtoto alipimwa akiwa amelala chali na amekula; utumbo wenye gesi ulifunika sehemu ya chini ya upande wa kulia wa ini. Tatu, mashine ilikuwa ikirekebisha mwanga yenyewe, hivyo ini ambalo lingeonekana jeupe lilishushwa likawa kijivu cha kawaida.

Mwezi 7: swali linafunguliwa upya

Mama hakusubiri mwaka. Mtoto alikuwa amefika kilo 83 kwa urefu wa sentimita 155 (BMI 34.5), na alikuwa akichoka shuleni. Katika kliniki nyingine ALT ilirudi 64, AST (kimeng'enya kingine cha ini) 41. Kliniki hiyo haikutumia mpaka wa maabara. Ilitumia mipaka ya mwongozo wa mwaka 2017 wa NASPGHAN, chama cha Amerika Kaskazini cha wataalamu wa tumbo, ini na lishe ya watoto: 22 kwa wasichana na 26 kwa wavulana. Kwa mipaka hiyo, ile 38 ya mwanzo haikuwa ya kawaida hata kidogo, na 64 ilikuwa karibu mara tatu ya mpaka. Mwongozo huohuo unasema ALT ikizidi mara mbili ya mpaka (44 kwa msichana, 52 kwa mvulana) kwa zaidi ya miezi mitatu, mtoto achunguzwe kikamilifu, na ikizidi 80 asicheleweshwe.

Ultrasaundi ilirudiwa, safari hii kwa utaratibu. Mtoto alifunga kula kwa saa sita. Alilazwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke, na probu ya kona pana ya megahezi 2 hadi 5 ikatumika. Urekebishaji wa mwanga wa kujiendesha ulizimwa. Ini na gamba la figo ya kulia viliwekwa kwenye fremu moja, kwa kina kilekile, karibu na katikati ya picha, kwa kuwa ukingoni sauti hupiga figo kwa pembe mbaya na kuibadilisha rangi. Matokeo: ini jeupe kidogo kuliko figo, kuta za matawi ya mshipa wa lango bado zinaonekana, kiwambo kinaonekana chote. Hilo ni daraja la 1 kati ya 3.

Siku hiyohiyo alipimwa ugumu wa ini kwa elastografia ya mtetemo, kifaa ambacho pia hupima jinsi sauti inavyofifia ndani ya ini (kipimo cha CAP). Mpimaji alichukua probu ya M (ya ukubwa wa kati). Jibu: CAP 342 dB/m, ugumu 8.1 kPa. Kwa haraka namba hizi zinasomeka kuwa ini limejaa mafuta na limeanza kupata makovu. Lakini vipimo kumi vilitawanyika: uwiano wa mtawanyiko kwa wastani wa kati ulikuwa asilimia 38, wakati kikomo kinachokubalika ni 30. Umbali kutoka ngozi hadi gamba la ini, uliopimwa kwa ultrasaundi, ulikuwa milimita 29. Probu ya M inafaa hadi milimita 25. Zaidi ya hapo kifaa kinapima sehemu ya mafuta ya chini ya ngozi kikidhani ni ini.

Kipimo kikarudiwa kwa probu ya XL (inayofika ndani zaidi): CAP 301 dB/m, ugumu 5.4 kPa, mtawanyiko asilimia 14. Ini lilikuwa laini.

Damu zaidi ilitolewa bila kusubiri miezi mitatu iishe, ili kutafuta sababu nyingine za ALT kupanda: homa ya ini B na C, seruloplazimini, kingamwili za ini (ANA, ASMA, LKM) pamoja na IgG, tTG-IgA kwa ugonjwa wa siliaki, alfa-1 antitripsini, homoni ya tezi ya shingo. Zote zilikuwa sawa. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi ya karibuni) ilikuwa 5.8, ambayo inaangukia kwenye eneo la kabla ya kisukari. Chembe sahani 290, wengu haukuwa mkubwa.

Mwezi 10: MRI

ALT ilirudiwa ikawa 71. Sasa kulikuwa na ongezeko la kudumu, sababu nyingine zimetolewa, na ultrasaundi inayosema "kidogo" huku ALT ikizidi kupanda. Timu iliomba MRI ya kupima kiwango cha mafuta kwa asilimia, yaani PDFF.

Fomu ya maombi iliandikwa kwa makini. Ukiomba "MRI ya tumbo" tu, vituo vingi vitakupa picha mbili za kizamani, moja maji na mafuta yakijumlishana na nyingine yakitoana. Picha hizo zinaonyesha kwamba mafuta yapo, lakini namba inayotokana nazo haiaminiki: hazirekebishi kufifia kwa ishara kunakosababishwa na madini ya chuma, na hazitambui kama mafuta yamezidi nusu au hayajafika. PDFF halisi kwa kawaida hupimwa kwa mwangwi sita katika mzunguko mmoja, pembe ndogo ya msukumo ili mafuta yasionekane mengi kuliko yalivyo, marekebisho ya T2* (yaani ya kule kufifia kwa ishara), na mfano wa kihesabu unaojua kwamba mafuta yana vilele kadhaa vya masafa, si kimoja. Hakuna dawa ya kung'arisha mishipa, hakuna sindano, hakuna usingizi wa dawa.

Mashine ilikuwa ya Tesla 1.5 yenye tundu la sentimita 70. Jaribio la kwanza liliharibika. Mzunguko ulihitaji kushika pumzi kwa sekunde 20, mtoto akaweza 11, na ini lote likawa na mistari. Mtaalamu wa picha hakurudia palepale. Alimtoa mtoto kidogo, wakafanya mazoezi: vuta, toa, vuta, toa, "simama hapohapo". Kushika pumzi mwishoni mwa kuitoa ni kugumu kuliko baada ya kuivuta, lakini kiwambo hurudi mahali palepale kila mara. Kisha akapunguza idadi ya vipande na kuongeza kasi ya ukusanyaji kwa koili nyingi, mzunguko ukashuka hadi sekunde 12. Jaribio la pili lilikuwa safi, isipokuwa sehemu moja.

Duara la kipimo lenye nusu kipenyo cha sentimita 1 liliwekwa katika kila moja ya sehemu tisa za ini, mbali na mishipa, njia za nyongo na kingo. Sehemu ya II, iliyo chini ya moyo, ilitoa asilimia 85. Nyingine zote zilikuwa kati ya 15 na 22. Msomaji asiye makini angeweza kuiingiza kwenye wastani na kupata 26. Kilichotokea ni programu kubadilishana maji na mafuta katika eneo hilo, ambako hewa ya mapafu na mdundo wa moyo huvuruga uga wa sumaku. Dalili yake ni mpaka mkali kama uliokatwa kwa kisu, na namba ambayo ukiitoa kwenye 100 inakaribiana na majirani zake: 100 toa 85 ni 15. Kipande hicho kilirudiwa na kikatoa 15.

Namba za mwisho, kuanzia sehemu ya I hadi ya VIII huku ya IV ikigawanywa mara mbili: 16, 15, 15, 17, 16, 19, 21, 22, 20. Wastani asilimia 18. Mpaka unaotumika kutofautisha ini la kawaida na lenye mafuta ni takriban asilimia 5 hadi 6. R2*, kasi ya kufifia kwa ishara, ilikuwa 41 kwa sekunde, maana yake hakukuwa na mrundikano wa chuma wa kutilia shaka namba.

Maamuzi na sababu zake

*Kutochukua kinyama cha ini.* Kinyama ni kipande kidogo cha ini kinachotolewa kwa sindano ili kichunguzwe. Huu ndio uamuzi uliojadiliwa zaidi. Kinyama ndicho pekee kinachoonyesha uvimbe wa seli na makovu kwa uhakika, na PDFF ya 18 haisemi lolote kuhusu hayo mawili. Waliotaka kichukuliwe walitaja ALT inayopanda, HbA1c na historia ya baba. Waliopinga walitaja ALT iliyo chini ya 80, ugumu wa 5.4 kwa probu sahihi, chembe sahani nzuri, wengu wa kawaida, na vipimo vya sababu nyingine visivyo na kasoro. Walikubaliana kusubiri kwa masharti: ALT ikivuka 80, au ugumu ukipanda, au ALT ikibaki palepale ilhali uzito umeshuka, kinyama kichukuliwe. Sharti la tatu ndilo zuri kuliko yote. ALT isiyoshuka kwa mtoto aliyepungua uzito inapaswa kumfanya daktari ajiulize upya kama ugonjwa ni huo anaoudhani.

*Kutotumia CT.* Haikujadiliwa hata dakika moja. Inampa mtoto mionzi kwa jibu dhaifu kuliko la MRI.

*Kuanza na vinywaji vyenye sukari.* Mtoto alikuwa akinywa soda na juisi za paketi karibu lita moja kwa siku. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA liliwafuatilia wavulana 40 wenye ini lenye mafuta kwa wiki nane. Waliopunguziwa sukari huru (ya kuongezwa na ya juisi) hadi chini ya asilimia 3 ya nishati walishuka kutoka PDFF ya wastani wa 25 hadi 17, na waliobaki na mlo wao wakatoka 21 hadi 20. Kwa familia iliyochoka kuambiwa "apunguze kula", lengo moja linaloshikika lilikuwa bora kuliko orodha ya makatazo. Vinywaji hivyo viliondolewa nyumbani kwa kila mtu, si kwa mtoto peke yake. Mazoezi yaliongezwa polepole.

*Kutolenga kushuka kilo kwa kasi.* Alikuwa bado anarefuka. Kusimama kwa uzito huku urefu ukiongezeka kunatosha kushusha BMI, na kukonda kwa ghafla kunaweza chenyewe kupandisha ALT na kuvuruga usomaji wa vipimo.

Matokeo ya mwezi 18

Uzito kilo 82, urefu sentimita 159, BMI 32.4. ALT 33. HbA1c 5.6. PDFF kwa mashine ileile, mpangilio uleule na maduara tisa yaleyale: wastani asilimia 11, yaani imeshuka kwa karibu asilimia 39 ya ilivyokuwa. Ugumu kwa probu ya XL: 5.1 kPa.

Ultrasaundi iliyofanywa wiki hiyohiyo ilisema daraja la 1. Hakuna badiliko. CAP ilikuwa 288, tofauti ya 13 tu na ile ya kwanza, ndogo kuliko kuyumba kwa kawaida kwa kipimo hicho kati ya siku na siku.

Mtoto hajapona. Asilimia 11 bado ni mara mbili ya mpaka na ALT ya 33 bado iko juu ya 22. Ila mwelekeo umegeuka, na sharti la kuchukua kinyama halikutimia.

Uchambuzi

Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama ushindi wa MRI. Sivyo. Kilichochelewesha utambuzi kwa miezi saba ni namba 40 kwenye karatasi ya maabara. Mipaka ya namna hiyo hutoka kwa watu wazima, na baadhi ya waliopimwa ili kuiweka walikuwa wenyewe na ini lenye mafuta bila kujua. Kama ALT ya 38 ingesomwa kwa mpaka wa 22, mtoto angewekwa kwenye ufuatiliaji siku ileile, bila mashine yoyote kubwa.

Ultrasaundi ya kwanza ilifanya kosa la pili: ilithibitisha faraja isiyo na msingi. Hata ikifanywa vizuri, kifaa hiki huona mafuta kwa uhakika pale tu yanapokuwa mengi, takriban theluthi ya seli za ini au karibu na hapo. Chini ya hapo kinaweza kuona au kisione. Ndiyo maana mwongozo wa NASPGHAN hauipendekezi kama kipimo cha kuchujia watoto. Bado ina kazi: inatafuta mawe ya nyongo, uvimbe, wengu mkubwa, mshipa wa lango ulioziba. Ombi linapaswa kuiuliza hayo. Na jibu likiwa "sijaona mafuta", ripoti iseme hivyohivyo badala ya "ini la kawaida", kwani mzazi anayesoma hawezi kujua kwamba maneno hayo mawili yana uzito tofauti.

Mafuta ya chini ya ngozi yanastahili neno la ziada, maana yanapotosha pande zote mbili. Yanafifisha sauti kabla haijafika ini, hivyo sehemu ya ndani huonekana nyeusi na mtu akadhani sauti imemezwa na mafuta ya ini, akatoa daraja la juu kuliko halisi. Mpimaji mwingine akiongeza mwanga ili kufidia, tofauti ya ini na figo hupotea na daraja linashuka. Dawa yake ni fremu moja yenye ini na figo. Pia figo yenyewe iwe nzima; figo iliyo na ugonjwa huwa nyeupe na kulificha ini jeupe.

Kosa la probu ya M lina mantiki inayoeleweka: mgonjwa ni mtoto, basi tumia probu ndogo. Lakini kifaa hakijui umri, kinajua umbali. Mzingo wa kifua cha msichana huyu ulikuwa sentimita 94. Probu za S ni za vifua visivyozidi 75, na M ilizuiwa na milimita 29 za ngozi hadi ini. Kama 8.1 ingepokelewa, mtoto huyu angechomwa sindano ya kuchukua kinyama kwa sababu ya kipimo batili. Kilichomwokoa ni mpimaji aliyeangalia mtawanyiko kabla ya kuangalia namba kubwa. Kufunga kula saa tatu kabla ya kipimo hiki nako si adabu tu: chakula huongeza damu inayoingia ini na kulifanya lionekane gumu.

Je, MRI ilihitajika? Kwa kutambua ugonjwa, kwa kweli hapana. ALT ya kudumu, vipimo vya kutoa sababu nyingine na sura ya mgonjwa vingetosha kuanza matibabu yaleyale. Ilihitajika kwa kufuatilia. Bila PDFF, mwezi wa 18 ungekuwa na ultrasaundi isiyobadilika na CAP isiyobadilika, na familia iliyojitahidi kwa miezi minane ingeambiwa hakuna maendeleo. ALT peke yake ilionyesha kushuka, ila ALT hupanda na kushuka kwa sababu nyingi na baadhi ya watoto wenye makovu huwa nayo karibu na kawaida. Pasipo MRI, njia ya busara ni ALT kila miezi mitatu hadi sita, uzito na urefu vilivyochorwa kwenye grafu, na kutorudia ultrasaundi kwa matumaini ya kuona daraja likishuka.

Na PDFF ikirudiwa, irudiwe kwa maduara tisa. Upande wa kulia wa ini la mtoto huyu ulikuwa na hadi 22 na wa kushoto 15. Mtu akipima kulia mara ya kwanza na kushoto mara ya pili, atatangaza nafuu ya theluthi moja bila mtoto kubadili hata glasi moja ya kinywaji.

Jambo moja halikufanywa na lilipaswa kufanywa: mdogo wake wa miaka 9, naye ana unene uliopitiliza, hakupimwa ALT hadi mwezi wa 18. Umri wa kuanza uchujaji kwa mwongozo ule ni miaka 9 hadi 11. Alipopimwa alikuwa na 31. Kwa mvulana mpaka ni 26. Amepangiwa kurudia baada ya miezi mitatu, na fomu yake ya maabara sasa imeandikwa mpaka huo kwa mkono pembeni ya ule uliochapwa.